Nyuma ya Picha Kuna Nini?

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watalicheka kwanza, nalo ni makaratasi ya mpira ya waume zetu na ya wana wetu.

Katika nyumba nyingi za huku Umatengo, na hata kule chini ufukweni Mbamba Bay na Liuli, kuna kitu ambacho hakitajwi tunapohesabu mali ya nyumba. Si jembe, si sufuria, si blanketi. Ni sanduku la bati, au katoni ya sabuni, au daftari lililonenepa kwa gundi. Linakaa chini ya kitanda au juu ya dari karibu na mahindi. Ndani yake mna vipande vya magazeti, picha za wachezaji, tiketi za uwanjani, kalenda za zamani na ratiba za ligi zilizokwisha zamani. Mwenyewe hulifungua mara chache, lakini likihamishwa bila yeye kujua, siku hiyo nyumba haina amani.

Sisi tunaofagia chini ya kitanda ndio tunaolijua sanduku hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Na tuseme kweli: mara nyingi sisi ndio tunaoamua kama litabaki au litakwenda jikoni kuwashia moto. Kwa hiyo inatupasa tujue tunaamua nini.

Timu yetu na makaratasi yake

Katika mkoa wetu wa Ruvuma, masanduku mengi ya namna hiyo ni ya wapenzi wa Majimaji ya Songea, wale waitwao Wanalizombe kwa jina la ngoma ya lizombe. Timu hiyo ilichukua jina la vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa kwa ajili yake pale Songea mwaka 1906. Ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, ikautwaa tena mwaka 1986, na mara nyingine mwaka 1998. Timu ya mkoani, mbali na Dar es Salaam, iliwapita Simba na Yanga wenye majina makubwa. Wazee wetu waliokuwa vijana wakati huo wakisimulia habari hizo, chai hupoa mezani.

Leo watoto wetu wanazijua Simba na Yanga, wanazijua Arsenal na Manchester United, na majina ya wachezaji wa Ulaya wanayataja bila kukwama. Lakini muulize mtoto wa darasa la saba hapa Litembo ni timu gani ya mkoa wake iliyopata kuwa bingwa wa Muungano. Wengi watakutazama tu. Majimaji ilishuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2017/18, na timu isiyotajwa redioni husahauliwa upesi.

Tena kuna jambo la kufikiri. Mwaka 1985 na 1986 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Mechi zile zilisikika kwa redio, na sauti ikishatoka redioni imekwisha. Watu wa huku milimani hawakuziona isipokuwa wale waliosafiri karibu kilometa 100 kutoka Mbinga hadi Songea katika barabara ya vumbi. Kilichobaki mikononi mwa watu wa kawaida ni karatasi: kipande cha Uhuru au Mzalendo kilichofika siku kadhaa baada ya mechi, na picha chache ambazo mtu alinunua kwa mpiga picha. Hayo ndiyo tunayoyaita takataka siku ya kufagia.

Akina mama wa Marekani

Wenzetu wa Marekani wana mchezo wao uitwao besiboli, ambao mchezaji hupiga mpira mdogo kwa rungu kisha hukimbia. Tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita makampuni ya huko yamekuwa yakichapa kadi ndogo zenye picha za wachezaji. Zamani ziliwekwa ndani ya pakiti za sigara, na baadaye ziliuzwa pamoja na bigijii kwa ajili ya watoto. Watoto walizikusanya, wakabadilishana: nipe huyu, nikupe wale wawili. Wengine walitaka kadi za timu moja tu, ile waipendayo, mwaka hata mwaka, pamoja na wachezaji wa akiba ambao leo hakuna awakumbukao.

Hao watoto walikua. Wengine walikwenda jeshini, wengine vyuoni, wengine wakaoa. Mama zao wakafagia vyumba, wakakuta masanduku ya viatu yamejaa kadi chakavu, wakazitupa. Jambo hili lilitokea katika nyumba nyingi kiasi kwamba huko Marekani limekuwa kama methali: mtu mzima akikumbuka kadi zake za utotoni husema, "Mama alizitupa." Si mama peke yao. Kampuni ya Topps ilitoa kadi nyingi mwaka 1952, na nyingine hazikununuliwa. Sy Berger, mtu aliyezitengeneza, alisimulia kwamba mwaka 1960 walizipakia kwenye chombo wakazimwaga baharini, maana ghala lilijaa.

Basi, katika kadi hizo za mwaka 1952 ilikuwamo ya kijana aitwaye Mickey Mantle wa timu ya New York Yankees. Mwaka 1991 mtu mmoja alinunua kadi moja ya Mantle iliyotunzwa vizuri kwa dola 50,000. Mwezi Agosti 2022 kadi hiyo hiyo iliuzwa katika mnada kwa dola milioni 12.6. Karatasi ngumu yenye ukubwa wa kiganja! Ingekuwa zote zilihifadhiwa, isingekuwa na bei hiyo. Ilipanda kwa sababu nyingine nyingi ziliungua, zilioza au zilizama.

Kuna na nyingine ya zamani zaidi, iliyochapwa na kampuni ya sigara kati ya mwaka 1909 na 1911, yenye picha ya Honus Wagner wa Pittsburgh. Kadi yake ilisimamishwa mapema isiendelee kuchapwa. Wengine husema aligombana na kampuni juu ya malipo. Wengine husema hakutaka watoto wanunue sigara ili kuipata picha yake. Kama hii ya pili ndiyo kweli, basi mchezaji yule alifikiri kama mzazi.

Tusikimbilie fedha

Tunajua mama mwingine akisoma mahali hapa ataweka gazeti chini na kwenda kuangalia chini ya kitanda. Tumwambie mapema: atulie. Kipande cha gazeti chenye picha ya Majimaji hakitamletea dola milioni, wala hakitamlipia ada ya mtoto. Hakuna mnada wa kitu hicho hapa kwetu. Mtu akija kukuambia atakuuzia picha za zamani ili baadaye utajirike, mpe maji ya kunywa, umwage.

Hata huko Marekani somo hilo wamejifunza kwa hasara. Bei za kadi za zamani zilipoanza kupanda, watu wengi walinunua kadi mpya kwa makatoni katika miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, wakazifungia kabatini wakingoja utajiri. Makampuni nayo yakachapa nyingi mno. Leo kadi nyingi za miaka hiyo hazina bei, maana kila mtu anazo. Zile zilizotunzwa na mtoto kwa sababu aliipenda timu yake ndizo zilizopata thamani. Zile zilizofungiwa kwa tamaa zimebaki mzigo. Mkristo hatashangaa kusikia hivyo.

Thamani tunayoizungumzia sisi ni nyingine, na ili tuielewe inatubidi tuigeuze ile kadi ya Marekani tuangalie mgongo wake.

Mgongo wa kadi

Kadi ya mwaka 1952 ina picha upande wa mbele. Upande wa nyuma imeandikwa jina kamili la mchezaji, tarehe na mahali alipozaliwa, urefu na uzito wake, na hesabu za michezo aliyocheza. Kwa hiyo mtu asiyemjua kabisa, akiiokota leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, atasoma na kumjua.

Sasa chukua picha moja kutoka katika sanduku la nyumba yako. Vijana 11, wengine wamesimama na wengine wamechuchumaa, mikono magotini, mpira katikati. Igeuze. Nyuma ni nyeupe. Labda kuna alama ya mafuta ya taa, au hesabu ya madebe ya kahawa aliyoiandika mtu aliyekosa karatasi. Yule wa tatu kutoka kushoto ni nani? Ilikuwa uwanja gani? Mwaka gani? Mwenye sanduku anajua. Ukimuuliza atakujibu bila kufikiri, pamoja na nani alifunga na dakika ya ngapi. Lakini hayo yote yamo kichwani mwake, na kichwa cha binadamu hakirithiwi.

Hapo ndipo lilipo jambo letu la mwezi huu. Karatasi ni nusu tu ya kumbukumbu. Nusu ya pili iko kwa mtu, na mtu huondoka.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mume wake. Baada ya arobaini ndugu wakakaa kugawana vitu. Baiskeli ikapata mwenyewe, koti likapata mwenyewe, redio nayo. Sanduku la makaratasi halikupata mtu. Shemeji mmoja akasema lichomwe, mjane akasema hapana, hili nitabaki nalo mimi. Akalitunza vizuri kabisa, hata panya hawakuligusa. Miaka ikapita, mjukuu wake aliyekuwa sekondari akalifungua wakati wa likizo, akafurahi sana, akaanza kuuliza: "Bibi, huyu nani? Na huyu? Babu yuko wapi hapa?" Maana marehemu alikuwa akisema kwamba katika picha mojawapo yumo na yeye, nyuma ya wachezaji, katika kundi la washangiliaji. Bibi hakuweza kumwonyesha. Sura zilikuwa ndogo, na yeye siku ile hakuwapo uwanjani. Alikuwa amelitunza sanduku, lakini majina yalikuwa yamezikwa pamoja na mwenyewe.

Mama huyo hakukosa kitu. Alifanya zaidi ya walivyofanya ndugu wote. Ila aliruhusu tulisimulie jambo hili ili sisi wengine tuwahi.

Kazi ya jioni moja

Kwa hiyo tunawaomba kitu kidogo. Chagueni jioni moja, mvua inaponyesha na hakuna aendaye popote. Mwambie mwenye sanduku, "Baba, hebu lete yale makaratasi yako, unieleze." Wengine watashtuka, wakidhani mnataka kuyatupa. Mweleze kwamba unataka kuandika.

Chukueni penseli, siyo kalamu ya wino, kwa maana wino hupenya na kuharibu picha. Igeuzeni picha juu ya meza kavu, msikandamize sana, muandike taratibu: majina kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa waliosimama kwanza, mahali, mwaka, waliocheza na nani, na jina la aliyepata picha hiyo. Kama ni kipande cha gazeti, wino wa upande wa pili utawachanganya, basi kiwekeni katika bahasha na maandishi yawe juu ya bahasha: jina la gazeti na tarehe. Asipokumbuka jina, acheni nafasi wazi, msibuni. Jina la uongo ni baya kuliko nafasi wazi.

Waiteni na watoto wasikilize. Mwenye mwandiko mzuri aandike. Tumeona katika nyumba zilizofanya hivyo kwamba baba asiyekuwa na maneno mengi nyumbani, mtu wa kuuliza chakula kiko wapi na kulala, husema kwa saa nzima. Akieleza habari za mechi, ataeleza na nani alisafiri naye, walilala kwa nani, mwaka huo kahawa ilikuwaje, na mama yake mzazi alimkemea vipi aliporudi. Hizo ni habari za ukoo, nazo zimepita mlango wa mpira.

Na kama mwenye kumbukumbu ni mama mwenyewe, maana wapo akina mama wapenzi wa timu kuliko waume zao, basi naye afanye vivyo hivyo. Akina mama wa Songea hawakukaa nyumbani Majimaji ilipotwaa kombe.

Ugomvi wa fedha

Hata hivyo tusizungumze mazuri tu. Mama mwingine alikuja kwetu analalamika. Mume wake aliuza kahawa, na kabla fedha haijafika nyumbani akapitia kwa mtu mjini aliyekuwa na picha za zamani za timu, akanunua. Mtoto akaenda shule na sare iliyochanika. Mama alikasirika, akatishia kuchoma sanduku zima. Nyumba ikawa haina salamu kwa juma zima.

Wazee wa jumuiya waliwaita wote wawili. Mama akasema maneno machache ambayo sisi tuliyapenda: "Baba, mimi sikatai picha. Nakataa picha inayotangulia sare ya mtoto." Mume akanyamaza, kisha akakubali kwamba ni haki. Wakapatana hivi: ada, mbolea, chakula na mchango wa kanisa vinatangulia, kitakachobaki, sehemu ndogo ni yake, naye haulizwi. Tena alianza kubadilishana. Alikuwa na picha mbilimbili za mechi moja. Akampa rafiki yake moja, akapokea asiyokuwa nayo. Hivyo ndivyo walivyofanya wale watoto wa Marekani na kadi zao, na hakuna shilingi iliyotoka nyumbani.

Kwa hiyo kipimo si kama jambo ni la mpira au si la mpira. Kipimo ni mpangilio. Kitu kinachomfanya baba asahau watoto, au asahau Jumapili, kimekwisha kuwa sanamu, hata kingekuwa cha maana namna gani. Kitu kinachokaa mahali pake ni burudani halali, na mke mwenye busara hamwonei mumewe wivu kwa sanduku la bati.

Daftari la kijana

Tuseme na juu ya watoto. Mama mmoja alikuwa na kijana aliyekwenda bweni kidato cha kwanza. Kijana alikuwa na daftari alilobandika picha za wachezaji tangu darasa la tatu. Asubuhi moja ya baridi kuni zilikuwa mbichi, na daftari lilikuwa karibu. Likizo ilipofika kijana akauliza, "Mama, lile daftari langu liko wapi?" Mama akamjibu bila kuficha, "Mwanangu, niliwashia moto." Kijana hakusema neno. Hakulia, hakununa. Ila tangu siku hiyo kila kitu chake alikifungia kwa kufuli.

Mama yule alimwomba msamaha, naye akasamehe. Aliuliza kwa majirani na kwa ndugu, akapata vipande saba vya magazeti, akamletea. Kijana alivipokea kwa shukrani. Daftari lile halikurudi, lakini alijua mama ameelewa.

Mtoto anayekusanya kitu kwa miaka minne anajifunza mengi: kupanga, kusoma, kuhesabu, kungoja. Mama akiona daftari la namna hiyo, asilidharau. Na likiwa linamzidi masomo, aseme naye, amwekee saa. Moto usiwe jibu la kwanza.

Namna ya kuhifadhi

Litembo ni nchi ya baridi na ukungu, na masika yetu ni marefu. Karatasi ina maadui wengi hapa. Tunatoa maelekezo machache.

Kwanza, unyevu. Sanduku lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta. Liinue juu ya matofali mawili au vipande vya mbao. Siku ya jua kali fungua kifuniko lipate hewa, lakini liwe kivulini. Karatasi ya gazeti ikipigwa na jua hugeuka manjano na kukatika kama jani kavu la tumbaku.

Pili, moshi. Dari la jikoni linafaa kwa mahindi, halifai kwa picha. Moshi huzuia wadudu, lakini huacha masizi na mafuta yasiyotoka.

Tatu, mchwa, mende na panya. Sanduku la bati linafaa kuliko katoni. Msiweke chakula humo hata siku moja. Wengine hutia vidonge vya nondo. Vidonge hivyo ni sumu, na mtoto akivimeza ni hatari kubwa. Hata harufu yake ikizidi inaweza kumdhuru mtoto mchanga. Penye watoto wadogo, afadhali kukagua sanduku kila mwezi kuliko kutia vidonge.

Nne, gundi. Ugali na gundi ya unga huita wadudu. Selotepu hukauka na kuacha doa la kahawia. Ni heri kila kipande kikae peke yake katika bahasha au kati ya karatasi safi. Yaliyokwisha bandikwa msiyabandue kwa nguvu.

Tano, kuazimisha. Picha nyingi hazikupotea kwa mchwa bali kwa marafiki. Wekeni kidaftari: nani amechukua nini, na lini. Siku hizi pia mtoto mwenye simu anaweza kuzipiga picha zote pamoja na maandishi ya nyuma, akawatumia ndugu walio mbali. Ni jambo jema, lakini simu huibwa na huharibika. Sanduku lisitupwe kwa sababu ya simu.

Sita, mrithi. Mwenye sanduku aseme angali hai nani atalichukua. Aandike jina ndani ya kifuniko. Hapo mjane hatasumbuka wala ndugu hawatabishana.

Vipande vilivyobaki

Tunakumbuka kwamba Bwana wetu alipokwisha kuwalisha watu wengi, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, navyo vikajaa vikapu 12. Watu walikuwa wameshiba. Hakuna aliyekuwa na haja navyo wakati ule. Hata hivyo hakutaka vipotee. Na Mama Maria, mambo ya Mwanawe ambayo wengine waliyasikia na kwenda zao, yeye aliyaweka moyoni. Kutunza ni kazi yetu tangu zamani.

Hatusemi kwamba mpira ni mambo ya mbinguni. Hazina yetu iko mahali pasipo nondo wala kutu, na hilo tulifundishe watoto kila siku. Lakini vijana wa mkoa wetu walifanya jambo la kusifika mwaka 1985, na watu wa nyumba zetu walilishangilia, na wengi wao sasa nywele zimekuwa nyeupe. Waliobaki wanapungua kila mwaka. Tukingoja mtu wa mjini aje aandike habari zao, tutangoja sana. Penseli tunayo, na meza tunayo.

Basi, mama mpendwa, kabla ya toleo lijalo, jaribu kuandika nyuma ya picha moja tu. Ukiisha mweleze jirani, naye afanye. Katika mikutano yenu ya jumuiya waulizeni wazee waliocheza au walioshangilia; mzee akiambiwa habari zake zinatakiwa huongezeka nguvu.

Mungu azibariki nyumba zenu, awape amani pamoja na waume zenu, na awakuze watoto wenu katika kumcha yeye. Tukutane mwezi ujao.